TABASAMU SI JIBU

Bwana asifiwe, mpendwa.

Najua umeshajibu "Amina" moyoni kabla hata hujaendelea kusoma. Ndivyo tulivyozoea. Kama tungekutana Jumapili ungejibu Amina hiyo ukitabasamu, nikuulize habari za nyumbani useme "tunamshukuru Mungu", halafu uingie utafute kiti. Jambo lote halifiki sekunde kumi. Leo nataka tukae kwenye hizo sekunde kumi, kwa sababu nina maoni ambayo huenda yasikupendeze. Sisi watu wa kanisa tumefundishana kuvaa nyuso, na wakati huohuo tunajisifu kwamba tunajua kusoma nyuso. Mimi naona tunazisoma vibaya, na kuna watu wanaumia kwa sababu hiyo.

Fungua 1 Samweli sura ya 1. Hana yuko Shilo, mbele za Bwana, anaomba. Midomo inasogea lakini sauti haitoki. Kuhani Eli ameketi penye mwimo wa mlango, anamtazama kinywa. Biblia haisemi kwamba Eli hakuona. Aliona vizuri kabisa! Aliona midomo inavyocheza, akapiga hesabu zake, akaamua kwamba mama huyu amelewa. Akamkemea aache mvinyo. Huyu hakuwa mpita njia. Alikuwa kuhani, mtu aliyewaona waabudu wa kila aina mwaka baada ya mwaka. Macho yake yalikuwa kwenye uso uleule wenye uchungu, akasoma ulevi.

Na kabla ya Eli kulikuwa na mume. Elkana naye aliona. Alimwuliza mkewe kwa nini analia, kwa nini hali chakula, kwa nini moyo wake una huzuni. Hadi hapo Elkana ananifurahisha sana. Shida ni kwamba hakungoja jibu. Alijijibu mwenyewe papo hapo, akajitaja kuwa bora kuliko wana kumi. (Ndugu zangu wanaume, hapa tupite polepole. Wake zetu wanaelewa ninachosema.)

Sasa linganisha na mfalme mmoja wa mataifa, asiyejua torati wala zaburi. Nehemia alipata habari za kuvunjika kwa ukuta wa Yerusalemu mwezi wa Kisleu. Sura ya 2 inaanza mwezi wa Nisani. Hesabu mwenyewe, ni kama miezi minne. Miezi minne mtu analia, anafunga, anaomba, na kazini anamimina divai ya mfalme akiwa na uso wa kawaida. Yeye mwenyewe anasema hakuwahi kuwa na huzuni mbele ya mfalme kabla ya siku hiyo. Ikulu ya Shushani haikuwa mahali pa kuleta machozi yako. Uso mzuri ulikuwa sehemu ya kazi.

Wewe unayekaa kwenye kaunta ya benki, wewe keshia wa supamaketi, wewe unayepokea wageni kwenye hoteli za Mombasa, unajua habari hii bila mimi kukuhubiria. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kitabu kilichowachunguza wahudumu wa ndege, akaonyesha kwamba tabasamu lao ni kazi kama kazi nyingine, na kwamba kazi hiyo inamchosha mtu kwa ndani. Nehemia angemwelewa. Mtu akitabasamu saa nane kwa mshahara, usishangae akifika nyumbani hana tabasamu la bure lililobaki kwa watoto.

Lakini siku moja Artashasta akamtazama mnyweshaji wake, akaona. Akamwambia kwa maana hii: wewe si mgonjwa, basi hii ni huzuni ya moyo, kuna nini? Nehemia anakiri kwamba aliogopa mno. Mbona mfalme aliweza na kuhani akashindwa? Mimi naamini jibu ni dogo tu. Mfalme alikuwa anaujua uso wa Nehemia wa siku zote. Alimwona kila siku, kwa hiyo siku ulipobadilika akaona. Hana kwa Eli alikuwa mmoja wa wale wanaopanda Shilo mara moja kwa mwaka.

Yusufu vivyo hivyo, Mwanzo 40. Alikuwa amewekwa kuwahudumia mnyweshaji na mwokaji wa Farao gerezani. Asubuhi moja anaingia, anakuta nyuso si zile za jana, anawauliza sababu. Kumbuka Yusufu mwenyewe yuko ndani kwa kesi ya kusingiziwa. Angekuwa na haki ya kusema kila mtu abebe mzigo wake. Aliuliza, na swali lile la asubuhi ndilo lililokuja kumtoa gerezani na kumfikisha mbele ya Farao, miaka miwili baadaye.

Nimesoma kidogo wanachosema wataalamu, maana sipendi kuhubiri juu ya uso wa mtu kama vile Mungu hakuuwekea misuli. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne, alichapisha kitabu juu ya misuli ya uso. Alikuwa akigusa nyuso za watu kwa umeme kidogo ili aone msuli gani unafanya nini. Mmoja wao alikuwa mzee ambaye uso wake haukuhisi maumivu. Duchenne akaona kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo unatii amri ya mwenye mdomo. Ukiambiwa "cheka tupige picha", unaenda. Ila msuli unaozunguka jicho, ule unaoinua shavu na kuleta mikunjo midogo pembeni mwa macho, yeye alisema huo husukumwa na furaha yenyewe. Mpaka leo tabasamu la mdomo na macho pamoja linaitwa kwa jina lake.

Basi watu wakachukua hilo wakafanya kanuni: tazama macho, utajua. Pole pole, mpendwa. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba watu wengi wanaweza kuigiza hata ile mikunjo ya macho. Waigizaji wanaweza. Na mama ambaye hataki watoto wajue kwamba hakuna unga anaweza kuliko waigizaji wote.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia Paul Ekman alikwenda Papua New Guinea kwa watu wa Fore, wakati huo wakiwa hawajazoea sinema wala magazeti ya nje. Akawaonyesha picha za nyuso, akarudi akisema kuna hisia chache ambazo uso wa binadamu huzionyesha kwa namna moja duniani kote: furaha, huzuni, hasira, woga, chukizo na mshangao. Fundisho hilo likaenea sana. Kisha mwaka 2019 wanasayansi watano, akiwemo Lisa Feldman Barrett, wakapitia utafiti mwingi uliokusanyika, wakasema mambo si mepesi hivyo. Mtu mwenye hasira hukunja uso karibu mara 3 tu kati ya 10. Mara nyingine hasira hulia, au hunyamaza, au hutabasamu. Na mtu aliyekunja uso huenda anawaza tu, au jua linampiga machoni. Mimi nikifikiria mahubiri huwa nafanana na mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Mke wangu ameshanizoea.

Unaona hatari iko wapi? Sisi Wapentekoste tuna tabia ya kupima roho ya mtu kwa uso wake wakati wa sifa. Anayeruka na kucheka, ana upako. Aliyesimama kimya uso mkavu, "kuna kitu kimemshika". Nimesikia mtu akiitwa mbele akemewe pepo wa huzuni, kumbe amezika mama yake wiki iliyopita. Huyo hakuwa na pepo. Alikuwa na msiba.

Na kuna nyuso ambazo haziwezi kusema lolote. Ugonjwa wa Parkinson hukaza misuli ya uso hadi mtu anaonekana hana habari na wewe, na moyoni anakufurahia. Kuna ule ugonjwa wa upande mmoja wa uso kulegea ghafla, mdomo ukapinda, jicho likakataa kufumba. Madaktari huuita kupooza kwa Bell, ni mshipa wa fahamu wa uso umepata shida, na wengi hupona baada ya wiki au miezi. Huku kwetu tunakimbilia kusema amerogwa. Uso ukilegea hivyo ghafla, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda pia ni kiharusi na kiharusi hakingoji mkesha wa Ijumaa. Maombi tutayafanya njiani.

Mtu ataniambia, "Mchungaji, sisi tuna karama ya kupambanua. Roho anatuonyesha." Amina, naamini karama hiyo. Sasa twende 2 Wafalme sura ya 4. Mwanamke Mshunami, mtoto wake amekufa mapajani mwake saa ya adhuhuri. Anamlaza kitandani, anafunga mlango. Mumewe anamuuliza mbona anakwenda kwa mtu wa Mungu siku isiyo ya sikukuu, anamjibu kwamba ni salama. Gehazi anakimbia kumpokea, anamuuliza habari zake, za mumewe, na za mtoto. Anamjibu wote hawajambo. Wote! Na mtoto amelala maiti nyumbani.

Kama hujawahi kujibu namna hiyo, mshukuru Mungu. Wengine wanaosoma hapa walijibu hivyo jana.

Gehazi akaridhika na jibu. Mama alipofika akashika miguu ya Elisha, Gehazi akasogea amwondoe. Ndipo Elisha akasema jambo ambalo ningependa lihubiriwe katika makongamano yetu ya manabii: mwache, nafsi yake ina uchungu, na Bwana amenificha jambo hili. Amenificha! Huyu ni Elisha, aliyejua siri za vyumbani mwa mfalme wa Shamu. Aliona kwamba kuna uchungu, ila hakuujua ni uchungu wa nini. Akanyamaza mpaka mama akasema mwenyewe. Hakujaza pengo kwa unabii. Mtumishi ambaye hawezi kusema "Bwana amenificha" simwamini sana akiniambia amefunuliwa.

Na kama bado unabisha, rudi nyuma kabisa, Mwanzo 4. Uso wa Kaini umekunjamana. Mungu, anayejua kila kitu, anafanya nini? Anamuuliza. Kama Mungu mwenyewe aliuliza, mimi na wewe tumepata wapi ruhusa ya kuhitimisha?

Hapa kanisani kwetu kuna mama mmoja wa makamo anayehudumu mlangoni. Habari hii naieleza kwa ruhusa ya mhusika, na sitataja majina. Kulikuwa na kijana wa timu ya sifa, mpiga gitaa, mtu wa kicheko. Jumapili moja alicheka kuliko kawaida, akasalimia kila mtu, akawakumbatia wazee mpaka watu wakasema leo amejazwa. Yule mama hakusema hivyo. Yeye alikuwa amegundua mambo mawili: kwamba shati lilikuwa lilelile la Jumapili tatu, na kwamba kijana alikuwa amempa mtoto wa Shule ya Jumapili gitaa lake mwenyewe, alilonunua kwa jasho lake, akasema halihitaji tena. Mama akamwambia tu, "Mwanangu, baada ya ibada usiondoke, unisaidie kupanga viti."

Wakapanga viti. Mama anasema safu mbili za kwanza hakumuuliza kitu. Safu ya tatu akamuuliza anaishi vipi siku hizi. Kijana akajibu, "Niko sawa, mama." Mama akaendelea kupanga. Safu ya tano akamuuliza tena: "Na ukweli je?"

Kijana akaketi chini. Kazi ilikuwa imeisha miezi miwili nyuma. Alikuwa amekopa kwenye simu, akacheza kamari kwenye simu ili alipe mkopo, akakopa tena. Mwenye nyumba alikuwa ameshafunga mlango kwa kufuli lake. Alikuwa analala kwa marafiki, leo huyu kesho yule, na wiki ile alikuwa ameamua kuuaga ulimwengu. Ile furaha ya asubuhi ilikuwa kwaheri.

Mama hakumkemea. Alimuuliza wazi kama anafikiria kujiua, akamngoja ajibu, akakaa naye hadi tulipofika wengine. Jumatatu alikuwa na mshauri hospitalini, na wazee wa kanisa wakashughulikia mambo ya nyumba. Yuko hai. Gitaa mtoto alikataa kulirudisha, ikabidi tununue lingine.

Nataka uchukue kitu hapo. Mtu aliyekuwa na huzuni muda mrefu akibadilika ghafla akawa mtulivu na mwenye tabasamu, halafu anagawa vitu vyake, usikimbilie kushangilia ushuhuda. Na usiogope kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandii wazo hilo. Wengi husema baadaye kwamba walipumua kwa mara ya kwanza. Zamani watu wetu walificha pia kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Ukizidiwa wewe au ukiwa na mtu aliyezidiwa, piga 1199, ni namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haikati pesa. Kumpigia mchungaji pia ni sawa, lakini usimngojee mchungaji.

Niseme na familia zenye binti Saudia, au Qatar, au Dubai. Anatuma picha. Amevaa vizuri, nyuma kuna jumba refu, amekenua meno yote. Ninyi mnaiweka kwenye kikundi cha ukoo, mnaandika "Mungu ameinua", na jioni mnamtumia orodha: karo, mabati, matanga ya mjomba. Nakuuliza, lini ulisikia sauti yake ikiwa haizungumzii pesa? Wako wanaofanya kazi kwa watu wema na tabasamu lao ni la kweli, nimshukuru Mungu kwa hao. Wako pia waliopiga picha hiyo katika dakika tano walizopewa simu. Picha haiwezi kukuonyesha tofauti. Mpigie saa ambayo amepumzika. Muulize amekula nini leo, analala saa ngapi, pasipoti yake iko kwa nani. Maswali madogo hupita mahali ambapo "uko aje?" haipiti, kwa sababu "uko aje?" ina jibu lake tayari, na jibu ni "niko poa".

Sisemi kwamba kila anayetabasamu akiwa na uchungu ni mnafiki. Mithali 14:13 inakubali kwamba moyo unaweza kuumwa hata katikati ya kicheko, na haimhukumu anayecheka. Umewahi kukaa matangani usiku, watu wanakumbuka vituko vya marehemu, wanacheka mpaka machozi? Kile si kicheko cha uongo. Na mama anayetabasamu ili watoto walale bila hofu, Mungu ambariki. Usiende kumvua mtu tabasamu lake kwa nguvu kama mpelelezi, "najua unaficha kitu, sema." Huko ni kuvamia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye kitanda ana haki ya kuchagua nani ataonyeshwa.

Ninachopinga ni ile haraka. Tunaona meno tunasema amebarikiwa, tunaona ndita tunasema ana kiburi, tunapita. Na tukibahatika kuuliza tunauliza kama Elkana, jibu tumeshalibeba. Mtu anaanza tu, "Mchungaji, hata sijui nitaanzia wapi," na sisi tumeshamshika kichwa tunaomba kwa sauti. Mwache amalize, ndugu. Hana alipopata nafasi ya kusema, Eli akanyamaza akamsikiliza, kisha akambariki. Angalia mwisho wa habari hiyo, mstari wa 18: mama akaenda zake akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Ujauzito bado. Samweli bado. Penina bado yupo, anamngoja kwa maneno yake. Kilichokuwa kimebadilika mpaka saa ile ni kwamba amemimina moyo wake mbele za Mungu, na kuhani hatimaye amemwelewa.

Kwa hiyo Jumapili hii sitawaambia mgeuke kwa jirani mkamwambie "unapendeza". Tumesema hivyo miaka mingi na majirani wamependeza vya kutosha. Tutakatisha matangazo, tupate dakika kumi baada ya ibada ya pili. Mtafute mtu mmoja ambaye uso wake wa siku zote unaujua. Usimuulize mbele za watu wala usimkazie macho, watu huongea vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Viti vinapita mia mbili, vyote vinahitaji kurudishwa stoo, na wahudumu wetu hawatoshi.